Pegasus na Königsberg juu ya meza ya skuli

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Nina vijana 12 wa klabu ya historia. Tunataka kutengeneza modeli za manowari mbili zilizopigana bandarini Unguja mwaka 1914, Pegasus ya Waingereza na Königsberg ya Wajerumani, kisha tuzipiganishe mezani kwa kanuni maalumu. Huku duka la vifaa vya modeli hakuna. Tuanze na skeli gani na tutumie vitu gani? Tena lipo linalonisumbua: atakayepewa Pegasus atashindwa kila siku, sasa mchezo una faida gani? Au tuanze na vita vya 1896, manowari za Kiingereza zilipolipiga kasri la Sultani, maana ndivyo vyetu zaidi?

Jibu: Marahaba mwalimu. Nitaanza na hilo linalokusumbua, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuamulia skeli, mbao, na hata idadi ya meza utakazozihitaji.

Ni kweli, Pegasus haikuwa na nafasi. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga mbele ya mji wa Unguja, mashine na boila zake zinatengenezwa, haiwezi kwenda popote. Königsberg, chini ya nahodha wake Max Looff, ikaingia kwa mlango wa kusini, ikaipiga boti ndogo ya doria iliyoitwa Helmuth, kisha ikaanza kufyatua ikiwa umbali wa zaidi ya kilomita 8. Makombora ya Pegasus yalianguka majini kabla ya kufika. Kwa dakika chache mizinga yake ikanyamaza, na siku hiyohiyo meli ikazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Makaburi yao yapo kisiwani Chapwani, ng'ambo tu ya bandari.

Ukiwachezesha vijana dakika hizo peke yake, umempa mmoja nyundo na mwenzake yai. Mara mbili watacheka, mara ya tatu hawaji. Nami sipendi wacheke, kwa sababu ya hayo makaburi.

Dawa yake ni kuanzisha mchezo jioni ya tarehe 19. Kamanda John Ingles wa Pegasus alikuwa na maamuzi ya kufanya jioni ile. Meli ilikuwa kuukuu, imeshushwa majini 1897, na mashine zake zilihitaji kazi. Adui hajulikani alipo: tangu ilipoizamisha City of Winchester, meli ya biashara ya Waingereza, mwezi wa Agosti, Königsberg ilikuwa imepotea machoni mwa Waingereza, kumbe imejificha katika delta ya Rufiji. Sasa afanye nini? Azime moto atengeneze haraka, au aache boila moja na mvuke na kazi ichukue wiki nzima? Boti ya doria aiweke mbali kiasi gani? Nanga aitie wapi? Hayo ndiyo maswali ya kumpa kijana wako wa miaka 16, na hapo ndipo historia inapomwingia. Mchezaji wa bao aliyebakiwa na kete chache bado ana shimo la kuchagua, na watu barazani watamsifu kwa namna alivyochagua hata kama mwisho kafungwa. Hivyo hivyo Pegasus: kijana ashindane na historia, aone kama meli yake itadumu zaidi kuliko ilivyodumu siku ile.

Sasa tushike kazi ya mikono. Kuna modeli ya kutazamwa na kuna modeli ya kuchezewa, na kosa la wengi ni kutaka kimoja kifanye kazi ya viwili. Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na kidogo, Pegasus mita 95 na nusu. Kwa skeli ya 1:350, yaani modeli ni ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe, Königsberg inatoka sentimita 33 na Pegasus 27: ukubwa mzuri wa kabati la kioo, kila mzinga unaonekana. Lakini meli hiyo ikishikwa na vijana 12 mchana mmoja, jioni haina mlingoti hata mmoja. Kwa mchezo nakushauri 1:1200, ambapo Königsberg ni sentimita 9.6 na Pegasus 8, upana wao kama sentimita moja. Meli inakaa kiganjani.

Basi fanya hivi: vijana wote watengeneze za 1:1200, na wawili watatu wenye mikono mitulivu watengeneze Pegasus moja ya 1:350 kwa ajili ya ukumbi wa skuli. Zote ziishie kwenye usawa wa maji, yaani usichonge mkuku wala tumbo la chini. Meli ya mchezo hukaa juu ya meza kama inavyoonekana baharini, na nusu ya kazi ngumu ya kuchonga inakupungukia.

Kwa meli ndogo, mwili ujengwe kwa kadibodi tabaka juu ya tabaka. Kata umbo la sitaha mara nne au tano, gandisha, bana chini ya kitu kizito usiku mzima, kisha lainisha ubavu kwa msasa. Usitumie gundi ya unga. Mimi nilipoanza niliitumia kwa kuwa ni rahisi, na baada ya miezi mitatu mende walikuwa wamezila meli nne ndani ya sanduku. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Kwa ile kubwa, tafuta mwembe, mti uleule wanaochongea ngalawa: ni laini, haukatai kisu. Ila uwe mkavu. Pegasus yangu ya kwanza niliichonga kwa mwembe mbichi, nikaipaka rangi, nikaisifu, na ulipoingia upepo wa kaskazi ikapasuka kuanzia omo hadi katikati. Kipande cha mwembe kikae ndani, kivulini, miezi mingi kabla hujakitia patasi, au uombe mabaki kwa fundi wa madau ambaye mbao zake zimeshakauka.

Vitu vidogo vipo mitaani. Mlingoti ni kijiti cha mishkaki kilichopunguzwa kwa msasa, na kwa meli ndogo ni bua la ufagio wa chelewa. Mizinga ni waya wa shaba kutoka kebo ya umeme, na ganda la plastiki la waya uleule, ukilikata kipande, ni dohani tayari lenye tundu ndani. Kamba za mlingoti ni nyuzi za nailoni za mshipi, zile nyembamba kabisa. Usishawishike na waya wa chuma wala pini za kushonea hata kama zimenyooka vizuri. Hewa yetu ya chumvi itazitia kutu chini ya rangi, na kutu hiyo utaiona imetoka nje kama damu baada ya masika moja.

Macho ya mtazamaji yanatambua meli kwa dohani kabla ya kitu kingine, kwa hiyo hapo usikosee. Königsberg ina dohani tatu, Pegasus mbili. Zote zina milingoti miwili. Kisha mizinga: Königsberg ilikuwa na 10 ya milimita 105, miwili ubavu kwa ubavu mbele, miwili nyuma, na sita katikati, mitatu kila upande. Hesabu mwenyewe: ikigeuza ubavu, mizinga mitano tu ndiyo inayoweza kumlenga adui. Pegasus ilikuwa na 8 ya inchi 4, yaani kama milimita 102, kwa mpango huohuo wa miwili mbele, miwili nyuma na minne katikati, kwa hiyo ubavuni inapata minne. Ukizitazama namba tupu, tano kwa nne na milimita 105 kwa 102, utadhani zinalingana. Tofauti ilikuwa umri wa mizinga na umbali wa kufika kombora, na tofauti hiyo ndiyo iliyoua watu. Waonyeshe vijana jambo hilo kwenye modeli kabla hujawasomea chochote. Na ukijaaliwa kufika Mombasa, ndani ya Fort Jesus upo mzinga wa Pegasus na upo wa Königsberg. Simama katikati yake uitazame mitutu.

Michoro ya meli si rahisi kuipata, lakini picha za ubavuni zipo, nazo zinatosha. Chapisha picha ya Pegasus ili urefu wake uwe sentimita 19.1. Meli ni mita 95.5, kwa hiyo kila sentimita moja ya picha ni mita 5. Pima dohani kwenye picha, zidisha kwa 5, umepata mita zake za kweli. Gawa kwa 1,200 au 350, umepata kipimo cha modeli. Mwalimu mwenzako wa hisabati atafurahi kukuazimia kipindi kimoja kwa kazi hiyo. Angalia tu picha iwe ya ubavu kamili, maana meli iliyopigwa picha mshazari huwa fupi, na kila kipimo kitakudanganya.

Rangi: mwaka 1914 zote mbili zilikuwa za kijivu. Manowari za Kiingereza za wakati wa Malkia Victoria zilikuwa na mwili mweusi au mweupe na dohani za rangi ya udongo mwepesi, na picha nyingi za Pegasus ni za miaka hiyo, kwa hiyo usiifuate picha bila kuitazama tarehe yake. Kijivu chako kichanganye na nyeupe kidogo zaidi ya unavyodhani. Kitu kidogo kikipakwa rangi kamili ya kitu kikubwa huonekana cheusi mno, kwa kuwa meli halisi unaiona kwa mbali na hewa imekaa katikati. Paka Januari au Februari ukiweza. Wakati wa masika rangi ya kupuliza huwa na ukungu mweupe juu yake, na hakuna msasa utakaoutoa bila kuharibu kazi.

Twende mezani. Hapa pana jambo linalowakwaza hata wazoefu. Kilomita 8 kwa skeli ya 1:1200 ni karibu mita 7. Hakuna meza ya mita 7 Wete. Kwa hiyo bahari ipewe skeli yake, meli ibaki na yake: kila sentimita 1 ya meza iwe mita 100 za bahari. Umbali wa mapigano unakuwa sentimita 80 na kitu, na meza mbili za skuli zikiunganishwa zinatosha. Meli zitaonekana kubwa kupita kiasi kando ya visiwa, lakini jicho huzoea haraka. Umbali wote upimwe kutoka mlingoti wa mbele wa meli moja hadi mlingoti wa mbele wa nyingine, ili pasiwe na ubishi.

Kila raundi iwe dakika 2. Meli inayokwenda noti 10, yaani maili 10 za bahari kwa saa, inasogea sentimita 6 kwa raundi. Königsberg ilifikia noti 24, kwa hiyo mpe sentimita 14 ikienda kasi yote. Pegasus ikiwa na mvuke nusu nampa sentimita 6. Ikiwa imezima moto, haisogei.

Kufyatua: Königsberg inarusha dadu 5 kwa raundi, na kila 5 au 6 ni pigo. Kila pigo linaondoa mzinga mmoja wa Pegasus. Kwa wastani hiyo ni pigo moja na zaidi kidogo ya nusu kila raundi, kwa hiyo mizinga 8 inanyamaza kwa raundi kama 5, dakika 10 hivi. Nimezichagua namba hizi makusudi zikaribiane na yaliyotokea. Mizinga ya Pegasus haifiki zaidi ya sentimita 70. Ndani ya umbali huo inarusha dadu 4, na 6 peke yake ndiyo pigo. Mizinga ikipungua, na dadu zipungue.

Jioni ya tarehe 19 mpe mchezaji wa Pegasus kete 6 za bao. Kila kete ni kazi ya mabaharia wake usiku mmoja, naye azigawe kwa siri mbele yako. Kete 2 zinaweka mvuke nusu. Kete 2 zinahamisha nanga hadi nyuma ya visiwa vya Changuu na Chapwani, ambako Königsberg lazima isogee karibu zaidi ndipo ione. Kete 1 inapeleka boti mbali kusini na kumpa onyo la raundi mbili, na kete 1 nyingine inapeleka boti kaskazini. Zinazobaki zinakwenda kwenye matengenezo, na matengenezo yakipata chini ya kete 3, Pegasus inapoteza pointi hata kama adui hakuja. Kete hazimtoshi, na hazikumtosha Ingles.

Mchezaji wa Königsberg naye aandike kwenye karatasi atapita mlango gani na saa ngapi. Akija gizani, pigo liwe kwa 6 tu. Akingoja mwanga, boti ya doria inaweza kumwona. Na kwake yeye sharti kuu ni hili: hana gudi la kutengenezea meli, hana bandari salama, makaa ya mawe ni ya kuhesabu. Kila pigo atakalopigwa limgharimu pointi 3, na kila raundi baada ya ya 12 pointi 1. Sikulitunga jambo hili. Baada ya shambulio lile mashine ya Königsberg iliharibika, ikarudi Rufiji, na vyuma vyake vikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Wakati vinarudi, Waingereza wakaikuta, na haikutoka tena. Kijana atakayecheza kama Looff aihisi hofu hiyo mkononi anaposogeza meli.

Wewe uwe mwamuzi, tena mwamuzi mwenye mamlaka. Maofisa wa Prussia walipoanza kutumia mchezo wa vita kufundishia, miaka ya 1820, mwamuzi ndiye aliyejua vikosi vyote vilipo na wachezaji walijua kile tu ambacho mtu angekiona uwanjani. Tundika khanga katikati ya meza kama pazia mpaka meli zionane. Utashangaa ukumbi unavyokuwa kimya.

Vijana wakishaizoea dadu, iondoe. Mmarekani Fletcher Pratt, aliyewachezesha watu New York miaka ya 1930 juu ya sakafu ya ukumbi, alitaka mpiga mzinga akisie umbali kwa macho, auandike, ndipo upimwe. Akikosea kwa sentimita 2 kombora limeanguka majini. Kwa skuli sioni njia bora kuliko hiyo, na wale watoto wa wavuvi, ambao macho yao yamezoea kupima bahari, watawapita wenzao wote.

Na 1896? Nimetengeneza modeli ya Glasgow, meli ya Sultani Barghash, iliyokamilika 1878 huko Scotland, milingoti mitatu na mashine ya mvuke. Ni modeli niipendayo kuliko zote nilizonazo. Lakini vita vya tarehe 27 Agosti sijawahi kuvichezesha na sitavichezesha. Saa tatu asubuhi manowari za Kiingereza zilikuwa zimejipanga mbele ya kasri, St George ikiwa kubwa yao, na kabla ya saa nne bendera ya kasri ilikuwa imeanguka. Upande wetu waliuawa na kujeruhiwa watu kama 500. Upande wao alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Mchezaji wa kasri hana kete hata moja ya kugawa baada ya saa tatu. Kama unataka kuwafundisha 1896 kwa mchezo, basi cheza siku mbili za kabla, tangu Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25: mmoja awe Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, ndani ya kasri, mwingine balozi Basil Cave anayengoja ruhusa kwa telegramu, mwingine balozi wa Kijerumani ambaye mlango wake uko wazi. Bila dadu na bila meli. Glasgow iwekeni katikati ya meza, ionekane. Baada ya kuzamishwa katika vita vile, milingoti yake ilibaki imetokeza juu ya maji ya bandari hadi 1912, kwa hiyo siku ile ya Septemba 1914 watu wazima wa Unguja waliokwenda ufukweni kuitazama Pegasus ikizama walikuwa bado wanaikumbuka.

Kama mtavuka kuja Unguja kwa safari ya skuli, fikeni kwanza Chapwani, ndipo mcheze. Na mtakapofika kwenye Pegasus kubwa, nitumie picha yake ya upande wa shetri kabla hamjapaka rangi. Ile mizinga miwili ya nyuma ndiyo iliyonisumbua mimi, na ikikaa pembeni mno, sitaha yote ya nyuma itabidi ibanduliwe.